Mwanamke aliyelifunga gazeti lake mwenyewe

Tumezoea kusikia serikali imelifungia gazeti. La Eleni Vlachou lilifungwa na mwenye mali, huku watawala wakitaka litoke.

Alfajiri ya Aprili 21, 1967, makanali wa jeshi waliipindua serikali ya Ugiriki. Tangu siku hiyo hakuna ukurasa uliofika mtamboni kabla ya kupita mezani kwa wadhibiti. Vlachou alikuwa akimiliki gazeti la Kathimerini, lililoanzishwa na baba yake, Georgios Vlachos, mwaka 1919, pamoja na Mesimvrini. Magazeti hayo yalikuwa ya mrengo wa kulia, na makanali, waliojinadi kuwa wameiokoa nchi na Wakomunisti, walimhesabu kuwa mtu wao. Akagoma kuchapa.

Hapo ndipo wanafunzi wetu wa uandishi wa habari hushikana mashati. Yeye alikuwa tajiri, husema baadhi yao; je, wapiga chapa na waandishi waliobaki bila kazi? Swali hilo ni zito, nami silifichi. Hata hivyo, gazeti lililopitiwa na askari likitoka kila asubuhi humwambia msomaji kuwa mambo ni shwari. Likikosekana kwa muuza magazeti, atauliza kulikoni.

Baadaye mwaka huohuo, akihojiwa na gazeti la Italia, alimfananisha Stylianos Pattakos, mmoja wa vinara wa mapinduzi, na mchekeshaji wa sarakasi. Mdomo huo ulimponza: akawekwa kizuizini nyumbani kwake Athens. Mwezi Desemba alitoroka, nywele amezipaka rangi nyeusi, akafika London, na huko akaendelea kuwasema makanali hadi walipoanguka mwaka 1974. Septemba ya mwaka huo Kathimerini likarudi mitaani, naye akaingia bungeni kwa chama cha New Democracy.

Jambo linalosumbua zaidi lilikuja uzeeni. Mwaka 1987 aliliuza Kathimerini kwa Georgios Koskotas, mmiliki wa Benki ya Krete. Mwaka uliofuata kashfa ya fedha za benki hiyo ikalipuka, Koskotas akakimbilia Marekani, na mtikisiko wake ukachangia kuiangusha serikali ya waziri mkuu Andreas Papandreou katika uchaguzi wa 1989. Gazeti lililowakatalia wenye vifaru lilikuwa limeingia mikononi mwa mtu aliyekuja kuhukumiwa kwa ubadhirifu.

Halikukaa kwa Koskotas muda mrefu. Mwaka 1988 lilinunuliwa na Aristidis Alafouzos, mwenye meli. Vlachou alifariki Oktoba 1995. Kathimerini bado linatoka.