Talaka ya majimbo mawili Marekani: pa kufungulia na karatasi zake

Ndoa iwe ilifungwa Mombasa, Goma au Dallas, mahakama ya Marekani haiangalii mlikofungia. Inaangalia mnakoishi sasa, hata kama kila mmoja wenu yuko jimbo lake. Talaka ni sheria ya jimbo, na kila jimbo lina sharti lake la ukaazi, ambalo kwa kawaida inatosha mmoja wenu awe amelitimiza. Nevada ni wiki 6. Texas ni miezi 6 ndani ya jimbo na siku 90 ndani ya kaunti. California ni miezi 6 ndani ya jimbo na miezi 3 ndani ya kaunti. Washington haina idadi ya siku, mradi uwe mkaazi siku unapofungua. Talaka iliyotamkwa nyumbani au kuandikwa na sheikh wa msikitini, hata kama dini imeipokea, hapa haivunji ndoa mbele ya sheria. Ni lazima hakimu aivunje.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba ukishatimiza ukaazi, hakimu anaweza kuamua kila kitu. Ukaazi wako unampa uwezo wa kuvunja ndoa. Ili agawe mali au amwamuru mwenzako alipe matunzo, lazima awe na mamlaka juu ya mwenzako mwenyewe, na mtu ambaye hajawahi kuishi wala kuwa na shughuli katika jimbo lako kwa kawaida hayumo mikononi mwake. Watoto nao wana kanuni yao: kesi ya malezi husikilizwa katika jimbo walikoishi miezi 6 mfululizo kabla ya kufungua. Wakiwa wamehama na mzazi mmoja amebaki, jimbo la zamani linashikilia haki hiyo kwa miezi 6 tangu waondoke. Mkikubaliana kwa hiari kupeleka suala la malezi kwingine, makubaliano hayo hayampi hakimu mamlaka.

Chukua mke aliyehamia Los Angeles na watoto miezi minne iliyopita, mume akabaki Houston walikoishi miaka yote. California hawezi kuomba talaka bado. Texas anaweza, hata akiwa nje, kwa sababu sheria ya huko inamruhusu mwenzi wa jimbo jingine kufungua katika kaunti anakoishi mume, ikiwa mume amekaa Texas miezi 6. Hapo ndoa, mali, matunzo na watoto vyote vinaingia katika faili moja. Kwa hali kama hiyo mimi nashauri afungue Texas, japo ni mbali, kuliko kupata California cheti cha talaka kisichogusa akaunti za benki. Kama hawezi kungoja na anataka kubaki California, anaweza kufungua utengano wa kisheria, ambao hauna muda wa ukaazi, kisha kuubadili kuwa talaka muda ukitimia. Ila watoto bado wataongozwa na kanuni ile ya miezi 6.

Sasa karatasi. California zinaanza na ombi FL-100, samansi FL-110, na FL-105 kama kuna watoto. Hii ya mwisho ndiyo inayojazwa ovyo zaidi: inataka kila anwani ya mtoto kwa miaka 5 iliyopita na mtu aliyeishi naye. Ukiacha pengo la miezi, unampa mwenzako nafasi ya kupinga mamlaka ya mahakama. Ada ni kati ya dola 435 na 450. Asiye na uwezo anajaza FW-001 kuomba msamaha wa ada. Fomu za mapato na mali, FL-150 na FL-142, hukabidhiwa mwenzako ndani ya siku 60 tangu kufungua.

Kufikisha samansi ndiko kunakochelewesha kesi nyingi. Wewe mwenyewe huruhusiwi kuipeleka, wala kuirusha kwa WhatsApp bila amri ya hakimu. California inaruhusu mtu mwingine mwenye miaka 18 au zaidi aitume nje ya jimbo kwa posta yenye risiti ya kupokelewa. Inahesabiwa imefika siku ya 10 tangu kutumwa, na risiti yenye saini huambatishwa kwenye FL-115. Bila saini hiyo, mtafute sherifu au mpeleka samansi wa kulipwa kule aliko. Texas, mwenzako anaweza kusaini hati ya kukubali bila kupelekewa samansi, lakini aisaini mbele ya mthibitishaji wa hati baada ya kesi kufunguliwa. Tarehe ikitangulia, hati haifai. Anayesaini asome kila mstari, maana nyingine zinamwondolea hata haki ya kuarifiwa siku ya kusikilizwa.

Mwenzako akinyamaza, usikimbilie hukumu ya upande mmoja bila kiapo kinachoeleza kama yuko jeshini. Sheria ya taifa inakidai, na hali yake hukaguliwa bure kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi. Kabla ya kuvunja ndoa, Texas hungoja siku 60 tangu kufungua. California miezi 6 tangu samansi ifike.

Hukumu ikitoka, bado kuna nyumba iliyo jimbo jingine. Tangu kesi ya Fall na Eastin, mwaka 1909, inajulikana kwamba hakimu wa jimbo moja hawezi kuhamisha moja kwa moja umiliki wa ardhi ya jimbo jingine. Anaweza kumwamuru mwenzako asaini. Kwa hiyo hati ya kuachia umiliki isainiwe mbele ya mthibitishaji, kisha isajiliwe katika kaunti ilipo nyumba. Akiba ya uzeeni ya 401(k) nayo haigawiki kwa hukumu peke yake. Inahitaji amri ya pili iliyokubaliwa na msimamizi wa mfuko. Iandaliwe mapema, hukumu ikiwa bado mbichi. Na ukiwa kwa karani, chukua nakala tatu za hukumu zenye mhuri, kwa sababu kaunti ya nyumba na ofisi nyingine hazipokei fotokopi.