Bamba la jeki la mkono na la haidroliki: yanayosemwa pwani na ukweli wake

Bamba la jeki hufungwa kwenye ubao wa tezi, yaani nyuma ya chombo, kisha mashine ya kupachika hufungwa kwenye bamba. Kazi yake ni kuipandisha na kuishusha mashine wima, na papo hapo huisogeza nyuma ya chombo kwa sentimita 10 hadi 30, kutegemea aina. La mkono hurekebishwa kwa spana, chombo kikiwa kimesimama. La haidroliki lina pampu ya umeme inayosukuma oili, na nahodha hupandisha mashine kwa kubonyeza swichi huku chombo kinakwenda. Tofauti kubwa ndiyo hiyo. Maneno yaliyoongezwa juu yake ni mengi, na baadhi yake yanaweza kumtia mtu hasara ya mashine nzima.

“Mashine yangu ina swichi ya kuinamisha, bamba la nini tena?”

Kuinamisha hubadilisha pembe, bamba hubadilisha kimo. Ukiiinua mashine kwa kuinamisha ili upite maji madogo, rafadha (propela) husukuma maji kwenda nyuma na juu. Omo, yaani mbele ya chombo, hupanda na tezi huzidi kuzama, hapo hapo ulipotaka ipungue. Bamba huipandisha mashine ikiwa imesimama wima, na msukumo unabaki wa kwenda mbele.

“La haidroliki linakimbia zaidi.”

Kasi huletwa na kimo cha mashine. Mguu wa mashine, ile sehemu ya chini inayoingia majini, ukizama kuliko inavyohitajika, maji huuzuia. Ukipunguzwa majini, kizuizi hupungua. Chombo hakijui kama kimo hicho kimepatikana kwa spana au kwa swichi. Chombo kimoja, rafadha moja, kimo kimoja: mwendo ni ule ule, na la haidroliki kwa kawaida ndilo zito zaidi kwa sababu ya pampu yake.

Mwenye bamba la mkono hapa kwetu Zanzibar ana bahati ambayo wenzake wa bandari zenye maji siku zote hawana. Bahari ikipwa, chombo kinakaa mchangani, na fundi anafanya kazi kwa miguu mikavu. Weka ubao ulionyooka chini ya mkuku, uti wa chini wa chombo, uende mpaka nyuma ya tezi, kisha tazama lile bamba bapa la mashine lililo juu tu ya rafadha. Anzia pale linapolingana na mkuku, au juu yake kwa sentimita 2 hivi. Maji yakijaa, toka ukajaribu na mzigo wako wa kawaida. Siku ya pili pandisha mashine kidogo, ujaribu tena. Endelea hivyo mpaka rafadha ianze kupoteza mshiko unapokata kona, kisha rudi chini hatua moja. Hapo umepata kimo chako, na kwa vyombo vingi kazi imekwisha.

“Kadiri mashine inavyopanda, ndivyo chombo kinavyokimbia.”

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu ina ukweli nusu. Kupanda kunasaidia mpaka mahali fulani. Ukipapita, rafadha huvuta hewa kutoka juu ya maji: mizunguko ya mashine inaruka ghafla, sauti inakuwa kali, na chombo hakiendi. Hilo utalisikia mwenyewe na utashusha.

Usilolisikia ni la kupoza. Matundu yanayovuta maji ya kupoza mashine yako kwenye mguu wake, chini. Ukiupandisha mguu kupita kiasi, matundu yanavuta maji yaliyochanganyika na hewa. Impela ya mpira iliyo ndani ya pampu ya maji hulainishwa na maji hayo hayo. Ikizunguka kavu, huungua haraka, na baada yake inafuata injini. Usiridhike kwa kuona mchirizi wa maji unatoka ubavuni mwa mashine. Mchirizi unaweza kuendelea huku presha imekwisha kushuka. Funga geji ya presha ya maji mbele ya macho ya nahodha. Kwa bamba la haidroliki geji hii ni lazima, maana kupandisha ni kazi ya kidole kimoja, na kidole hakihisi joto la injini. Ningeulizwa mimi, ningesema asiye na fedha ya geji asinunue bamba la haidroliki.

“La mkono ni la asiye na uwezo.”

Uchaguzi huu unataka mtu ayajue maji yake. Swali ni moja: je, ndani ya safari moja maji hubadilika mara ngapi?

Chombo kinachotoka Mkoani, Pemba, kwenda kisiwa cha Misali hupita maji marefu karibu njia nzima. Nahodha wake hahitaji kugusa kimo kila saa. Anahitaji kimo kizuri kinachokaa. Wa namna hiyo anaweza kurekebisha mara mbili kwa mwaka. Kaskazi, bahari inapotulia, mashine inaweza kukaa juu kidogo. Kusi, mawimbi yanapokuwa makubwa na tezi inanyanyuka, ishushwe ili rafadha isitoke majini. Spana inatosha kabisa.

Mambo ni tofauti kwa anayetoka Jambiani au Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kila siku anavuka maji madogo ya ndani ya mwamba, anatokea kwenye mlango wa mwamba, mara anakutana na mawimbi ya bahari kuu, kisha anarudi njia ile ile. Ndani angetaka mashine juu, nje angetaka chini, na hawezi kusimama mlangoni, penye mkondo na wimbi, akaanza kulegeza bolti. Huyo bamba la haidroliki linamfaa kweli, na gharama yake inaeleweka.

“Ukiwa na bamba la jeki, maji yakipwa unapita tu.”

Wakati wa bamvua maji ya kwetu hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Bamba la haidroliki hupandisha mashine sentimita 12 hadi 15 hivi. Hesabu hiyo haihitaji maelezo. Nafasi ndogo hiyo husaidia kuvuka fungu la mchanga, haimpi mtu ruhusa ya kupita juu ya matumbawe. Tena kuna mashamba ya mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande huo huo wa Paje na Jambiani, na kamba zake ziko kwenye maji hayo madogo. Rafadha ikizikata, mama mmoja amepoteza kazi ya wiki nyingi. Subiri maji yajae, au zunguka.

“Linafungwa kwenye chombo chochote.”

Hapana. Mashine ikisogezwa nyuma, ubao wa tezi hubeba nguvu kubwa zaidi, na tezi yenyewe huzama zaidi. Kwenye chombo cha faiba, ubao ulio ndani unaweza kuwa umeoza bila kuonekana nje. Ugonge kwa nyundo ndogo na usikilize kama sauti inakuwa nzito. La haidroliki linahitaji pia betri ya volti 12 na njia ya kuichaji. Mashine inayowashwa kwa kuvuta kamba, isiyo na mfumo wa kuchaji, haina cha kulilisha. Na kwa aina zote mbili, angalia kama kebo, mipira ya usukani na mpira wa mafuta vina urefu wa kutosha mashine ikiwa juu kabisa.

“La mkono halina kitu cha kuharibika.”

Lina bolti. Bolti za chuma kisichoshika kutu zikikaa ndani ya alumini kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa, na bolti isiyoguswa mwaka mzima hushikana isitoke tena. Zitoe kila msimu, uzipake grisi ya baharini, uzirudishe. Kagua vipande vya zinki vinavyoliwa badala ya bamba, na uvibadilishe vikifika nusu. La haidroliki linataka hayo yote, na zaidi: kiwango cha oili, maungio ya waya yaliyozibwa vizuri, na fimbo ya silinda iliyo safi. Fimbo ikishika mikwaruzo, sili, ule mpira unaoizuia oili, hukatika na oili huanza kuvuja. Aina zote mbili zioshwe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila zitokapo baharini, kabla chumvi haijakauka.