Faili halionekani? Dhana potofu kuhusu kumbukumbu za umma

Anayefuatilia kiwanja cha marehemu baba yake, awe mtu wa Dunda au wa Magomeni hapa Bagamoyo, huogopa jibu moja: faili halionekani. Wengi wakishaambiwa hivyo huenda zao, na wanakosa haki yao kwa kuamini mambo yasiyo ya kweli.

"Likipotea, ndiyo basi." Faili la serikali halitembei hivihivi. Likitoka masijala, yaani chumba cha kutunzia mafaili ya ofisi, mtunza kumbukumbu anatakiwa kuandika limechukuliwa na nani, tarehe gani. Ndani yake kila barua hupewa namba ya folio kwa mfuatano. Ukikuta folio ya 14 inafuatwa na ya 17, ujue karatasi mbili zimechomolewa. Kwa hiyo ukiambiwa halionekani, uliza nani alilichukua mara ya mwisho. Na kila unapopeleka barua, dai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mama mjane mwenye nakala iliyogongwa muhuri hazungushwi kirahisi.

"Hizo ni siri za serikali." Zipo za siri kweli: usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea, faragha ya mtu mwingine. Ila Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara, inampa kila raia haki ya kuomba taarifa, si waandishi wa habari na mawakili peke yao. Ombi huwa la maandishi. Asiyeweza kuandika huomba kwa mdomo, na ofisa ndiye anayemwandikia. Jibu linatakiwa ndani ya siku 30. Ukikataliwa, unastahili kupewa sababu, na unaweza kumwomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo.

"Ya zamani yachomwe tu, yanajaza stoo." Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hairuhusu ofisi kujiamulia kuteketeza kumbukumbu. Lazima Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa aidhinishe. Na sisi wa Bagamoyo tungepaswa kuwa wa mwisho kuisema kauli hiyo. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, na wako wanaodhani waliondoka na maandishi yote. Sehemu kubwa ya mafaili ya utawala ule imo Dar es Salaam, kwenye idara hiyohiyo, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Karatasi za zaidi ya miaka 100 bado zinasomeka kwa sababu kuna watu waliozitunza. Faili la juzi tu, likiachwa sakafuni kwenye chumba chenye unyevu wa bahari, kurasa hugandana na mchwa humalizia.

"Kompyuta imemaliza kazi." Faili lililokosa folio 15 na 16 likiskaniwa, bado linazikosa. Likihifadhiwa bila jina linaloeleweka, ndiyo halipatikani kabisa.

"Masijala ni pa kumtupia mtumishi asiye na kazi." Utunzaji kumbukumbu ni taaluma, Chuo cha Utumishi wa Umma kinaifundisha. Sheria inaweza kukupa siku 30 za kusubiri jibu, lakini atakayelitafuta jibu hilo ni mtunza kumbukumbu. Madiwani wetu wanapopitisha bajeti, waulize masijala imetengewa nini: rafu, maboksi, dawa ya mchwa, na watumishi waliosomea.