Je, Farao hakuwa na hiari?

Kuna dai lililozoeleka: Mungu aliufanya moyo wa Farao, mfalme wa Misri aliyekataa kuwaachia Waisraeli watumwa, kuwa mgumu tangu mwanzo, kisha akamwadhibu kwa ugumu huohuo. Ingekuwa hivyo, haki ingekuwa wapi?

Kitabu cha Kutoka hakisimulii hivyo. Ni kweli, Mungu anamtangulizia Musa habari hiyo katika 4:21 na 7:3. Lakini fuatilia mapigo yenyewe, yale maafa kumi yaliyoipata Misri. Vyura walipoondoka, Farao alipoona amepata nafuu, aliufanya moyo wake mgumu mwenyewe (8:15). Baada ya mainzi, vivyo hivyo. Katika mapigo matano ya kwanza hakuna mahali paliposemwa kuwa Mungu ndiye aliyeufanya mgumu. Hilo linakuja kwenye pigo la sita, la majipu (9:12). Na hata baada ya mvua ya mawe, Farao anatajwa tena akijifanyia mwenyewe (9:34). Watumishi wake waliolihofia neno la Mungu, kabla ya mvua hiyo, waliwakimbiza watumwa na mifugo yao majumbani (9:20). Kumbe nafasi ya kusikia ilikuwepo.

Kwangu mimi, swali zito liko kwingine. Pigo la kumi lilimfikia mzaliwa wa kwanza wa mjakazi aliyekuwa akisaga nafaka (11:5), na wa mfungwa gerezani (12:29). Hao hawakumtumikisha Mwisraeli yeyote. Wayahudi hawakulikwepa jambo hili: usiku wa Pasaka yao, wanapokumbuka kutoka Misri, wengi hudondosha tone la divai kwa kila pigo, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba furaha yao inapungua kwa sababu Wamisri waliteseka.