Sebule inaweza kusubiri, jaba haliwezi

Nikiingia kwenye nyumba kwa ukaguzi, sebuleni sikai. Najua nitakachokuta: sakafu imepigwa deki, vitambaa vya makochi vimenyooshwa, na kama wenyeji walisikia mapema kwamba bwana afya yuko mtaani, hata vioo vya dirisha vimefutwa. Naomba nionyeshwe jaba la maji, kisha jikoni, kisha choo. Hapo ndipo sura za wenyeji hubadilika.

Kwenye kazi hii ya afya mazingira jijini Dar es Salaam, wavivu ninaokutana nao si wengi kama inavyosemwa. Ninaokutana nao ni watu waliochoka. Mama anafagia uwanja alfajiri, anadeki asubuhi na jioni, anafua, anapanga, na bado watoto hawaishi kuharisha. Kazi inafanyika, tena kubwa, ila inafanyika pale macho ya mgeni yanapofika. Uchafu unaoleta maradhi una ratiba yake. Upo unaohitaji saa chache tu kukomaa, upo unaohitaji wiki, na upo usiomdhuru mtu hata ukikaa mwezi mzima. Ukipanga kazi zako kwa kufuata ratiba hiyo, za kila siku zinabaki chache.

Tuanze na jaba, kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi. Kwenye mtaa ambao maji yanatoka kwa mgao, kila nyumba ina jaba au pipa la lita 200, na ndoo kadhaa pembeni yake. Mbu anayeeneza homa ya dengi, Aedes aegypti, hana shida na ule mtaro wa maji meusi tunaoulalamikia kila siku. Yeye anapenda maji yaliyotulia, yasiyochafuka sana, yenye kivuli na yaliyo karibu na watu. Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Maji yakipanda, mayai yanalowa na kuanguliwa, na kwa joto letu la pwani, siku saba hadi kumi zinatosha kumpata mbu mzima. Jiji hili liliona milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mara zote mbili sehemu kubwa ya mazalia ilikuwa ndani ya nyua zetu wenyewe.

Fanya jaribio dogo. Funua jaba mchana, subiri macho yazoee kiza cha ndani, kisha gonga ubavuni kwa kidole. Kama viluwiluwi vipo, utaviona vikiuacha uso wa maji na kuzama kwa kujinyonganyonga. Ukitulia kidogo vitapanda tena kuvuta hewa, kimoja kimoja. Waite watoto waone. Mtoto aliyeona viluwiluwi kwenye maji anayooga hahitaji kukumbushwa mara ya pili kufunika jaba, na mara nyingi ndiye anayekuja kuwakumbusha wakubwa.

Kumwaga maji peke yake hakusaidii. Mayai hung'ang'ania ukutani, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yarudi. Kwa hiyo jaba linasuguliwa. Chagua siku moja ya wiki, ile ambayo jaba hufika chini kabla ya mgao. Maji yaliyobaki usiyamwage, yapeleke chooni au yapigie deki. Sugua ukuta wote kwa brashi ngumu na sabuni, hasa pale penye mstari wa utelezi unaoonyesha maji huishia wapi, suuza, jaza, funika. Mfuniko uliopasuka haufuniki kitu. Tandaza kipande cha chandarua juu ya mdomo wa jaba na ukifunge kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Kazi yote haizidi robo saa. Wiki inayofuata irudie siku ileile, maana ukiruka wiki moja na mbu naye anaruka.

Siku hiyohiyo pitia sahani zilizo chini ya vyungu vya maua, trei ya maji nyuma ya friji, vifuu, makopo na tairi lililowekwa uani kwa kuwa "litatufaa". Na kwa kuwa mbu huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza, chandarua cha usiku peke yake hakikukingi dhidi yake.

Hapa niseme neno kuhusu usafi wa pamoja. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziligeuzwa kuwa siku ya kufanya usafi nchi nzima, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Ni jambo jema kwa mitaro, nyasi na taka za barabarani. Ila kwa jaba, mwezi ni mrefu mno. Katika wiki nne mbu anakuwa amezaa, na watoto wake nao wameanza kutaga. Nyumba inayongoja Jumamosi ya mwezi ndipo isugue jaba inakuwa inafuga mbu wiki tatu kati ya nne.

Jikoni mambo huenda kwa saa. Bakteria wa tumboni wakipata joto, unyevu na mabaki ya chakula wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Na hakuna mahali wanapopata vyote vitatu kwa pamoja kama kwenye kitambaa cha jikoni. Kiangalie cha kwako leo. Asubuhi kimefuta meza ya chai, mchana kimeshika sufuria ya ugali, kikafuta damu ya kuku iliyotiririka kwenye ubao wa kukatia, jioni kikakausha sahani, na sasa kimekunjwa kando ya karo, kibichi, kinanuka. Sahani iliyooshwa vizuri kwa sabuni ikifutwa kwa kitambaa hicho imechafuliwa upya.

Vijijini miaka yote tumewahimiza watu wajenge kichanja cha kuanikia vyombo, miti minne na fito juu, na hadi leo sijaona kifaa cha jikoni chenye faida zaidi kwa bei hiyo. Vyombo vinakaushwa na jua na upepo, wala havihitaji kufutwa. Mjini weka chano cha waya au kapu la plastiki lenye matundu karibu na dirisha, panga sahani zikiwa zimesimama, uziache zikauke zenyewe. Kitambaa kibaki cha kazi mbili tu, kimoja cha meza na kingine cha kushikia vyombo vya moto. Kila jioni vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa vikiwa vimenyooshwa, vikauke kabisa kabla ya kutumika tena. Mara moja kwa wiki vichemshe dakika tano kwenye sufuria kuukuu. Dodoki na sifongo navyo vinanuka kwa sababu hiyohiyo, na vikishaanza kunuka afadhali kuvitupa.

Kama ningeambiwa nichague kazi moja tu ya jikoni kwa siku, ningechagua ya usiku: vyombo vioshwe kabla ya kulala na karo liachwe kavu. Watu wengi hulifanya la kwanza, la pili hulipuuza. Yule mende mdogo wa kahawia tunayemkuta makabatini anaweza kuishi karibu mwezi bila chakula, lakini bila maji hamalizi wiki mbili. Karo lililofutwa likakauka, bomba lisilodondosha na ndoo ya taka iliyofunikwa vinamtaabisha kuliko ile dawa ya kupuliza inayokohoza watoto usiku kucha. Majike yake hubeba mayai 30 hadi 40 kwenye kifuko kimoja, kwa hiyo ukiua watano na kuacha maji, unarudi ulikotoka.

Kama maji ni ya kununua kwa dumu, kwanza kwangua mabaki yote kwa kijiko au karatasi, halafu beseni moja la sabuni na moja la kusuuzia vinatosha. Anza na glasi na vikombe, kisha sahani, masufuria yenye mafuta mwisho. Kiporo kisilale mezani. Chakula kilichopikwa kikae nje si zaidi ya saa mbili, na kikipashwa kichemke hadi katikati, si kuoteshwa moto juujuu.

Choo cha nyumba ya kupanga ni habari nyingine. Vyumba sita, choo kimoja, na zamu ya usafi iliyobandikwa mlangoni tangu mwaka juzi. Zamu ya wiki nzima kwa chumba kimoja huleta ugomvi, kwa sababu mtu akisafiri au akiuguza, choo kinakaa wiki bila kuguswa. Nimeona zamu ya siku mojamoja ikifanya kazi vizuri zaidi: kila chumba siku yake, na siku ya saba wote. Siku ni fupi na aliyekwepa anajulikana mchana uleule. Anayeshika zamu asiishie kumwaga maji sakafuni. Afute kwa sabuni vinavyoshikwa na kila mtu, yaani komeo la mlango, swichi ya taa, mpini wa kopo na koki ya bomba. Mkono unaotoka kuchamba hugusa hivyo kabla haujafika kwenye sabuni. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi kilipita njia hiyohiyo ya kinyesi, mikono, maji na chakula. Sabuni iwe palepale nje ya mlango wa choo. Ikiwa chumbani, watoto hawaifuati. Kama hakuna bomba, kibuyu chirizi, yaani dumu la lita tano linaloning'inizwa na kuinamishwa ili litiririshe maji, kinatosha, na anayeogopa sabuni kuibiwa aitoboe aitundike kwa kamba. Shimo likijaa, hilo si suala la wapangaji kuvumilia. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kukagua na kumtaka mwenye nyumba arekebishe, kwa hiyo toeni taarifa ofisi ya mtaa.

Sasa jiki, ambayo inapendwa kuliko inavyoeleweka. Jiki haiondoi uchafu, huua vijidudu mahali ambapo uchafu umeshaondolewa. Ukiimwaga juu ya matope au kinyesi, nguvu yake inaishia hukohuko. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo upake jiki. Kama lebo inaonyesha asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji baridi vinatosha kwa sakafu ya choo na meza ya jikoni. Acha ikae dakika kumi. Changanya ya kutumia siku hiyo, ya jana imeshapungua nguvu. Na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na vyoo vyetu ni vidogo, havina dirisha la maana. Anayepata kikohozi ghafla akiwa anasafisha aache kila kitu atoke nje.

Baada ya hayo, sebule. Ifagie mara moja kwa siku, na ufungue madirisha asubuhi, kwani vijidudu vya kifua kikuu na mafua hukaa zaidi kwenye chumba kisichopitisha hewa. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, au pitisha kitambaa kibichi, vumbi lisipande likaingia vifuani mwa watu, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu. Shuka zibadilishwe kila wiki. Chini ya makabati, nyuma ya kochi na juu ya feni ni kazi ya mara moja kwa mwezi. Mnaodeki sebule mara tatu kwa siku, kwa upande wa afya hamjaongeza chochote. Hizo dakika zipelekeni jikoni.

Taka zenye unyevu zitoke nyumbani angalau mara mbili kwa wiki. Nzi naye, tangu yai hadi kuruka, anahitaji siku saba hadi kumi tu kwenye joto letu, na maganda ya ndizi na utumbo wa samaki ndiyo kitanda chake. Chuja maji kwanza, funga mfuko, funika ndoo.

Ratiba nyingi hufa kwa sababu kazi zote amepewa mtu mmoja. Mama anayefunga genge saa mbili usiku hawezi kuja kusugua karo huku watu wazima wawili wakiangalia runinga. Mtoto wa miaka saba anaweza kutandika kitanda na kuanika sahani. Kijana wa kiume anaweza kusugua jaba, tena kwa nguvu zake anafaa kuliko wote. Kwa anayeanza, ashikize kazi mpya kwenye jambo analolifanya tayari: wakati chai inachemka afute meza ya jikoni, akitoka kuoga apitishe brashi sakafuni. Aanze na moja, ikishazoeleka aongeze nyingine.

La mwisho ni mahali pa kuweka hizo dawa. Jiki na mafuta ya taa huuzwa kwa kupimiwa, na vingi huingia nyumbani kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa, vikawekwa sakafuni chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili akiona chupa ya maji, anakunywa. Viweke juu, kwenye chupa isiyofanana na ya kinywaji, ikiwa na alama. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, maana mafuta ya taa yakirudi yanaweza kuingia kwenye mapafu, na jiki itaunguza koo mara ya pili. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na chukua ile chupa uende nayo, ili daktari ajue anachoshughulika nacho.