Mkopo wa mtarizi upimwe kwa kitambaa, si kwa kalenda

Kazi yangu ni kupitia maombi ya mikopo midogo, na maombi ninayoyasoma taratibu kuliko yote ni ya akina mama watu wazima wanaotarizi nyumbani. Fomu yenyewe haisemi mengi. Umri, miaka 63. Biashara, kutarizi. Mahali pa biashara, nyumbani. Dhamana, hakuna. Afisa mikopo mwenye haraka ataona hatari tupu. Anayeijua kazi ataona mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi, asiyelipa pango, asiye na bidhaa za kuoza, na ambaye wateja wanamtafuta kwa jina. Mama kama huyu anakwama kwa sababu mikopo mingi tunayompa imepangwa kwa ajili ya mtu anayeuza kila siku, na yeye hauzi kila siku.

Fikiria seti moja ya shuka na foronya zake, yenye maua pembe zote nne. Kitambaa kinafuliwa kwanza ili kisije kikarudi baada ya kutariziwa. Kinapigwa pasi, ramani inachorwa, ndipo sindano inapoanza kazi. Mtu anayetarizi kwa mkono, tena mwenye shughuli nyingine za nyumbani, atamaliza seti hiyo kwa wiki kadhaa. Kisha kufua tena, pasi tena, kupeleka, na mara nyingi kumsubiri mteja apate hela. Fedha inatoka siku ya kwanza na kurudi siku ya mwisho. Hapo katikati haiingii kitu.

Sasa mpe mama huyo mkopo wa marejesho ya kila wiki, yanayoanza wiki ya pili baada ya kupokea. Atalipa na nini? Atalipa kwa mkopo wenyewe. Sehemu ya fedha ya uzi itaturudia kabla ua la kwanza halijakamilika, na riba juu. Kwenye daftari letu ataonekana mlipaji mzuri, kumbe tunamla mtaji.

Marejesho ya kila wiki yalienea duniani kupitia Grameen Bank, benki ya mikopo midogo ya Bangladesh. Mwaka 1976 mwanzilishi wake, Muhammad Yunus, aliyekuwa mwalimu wa uchumi chuo kikuu, aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya fedha zipatazo dola 27 za Marekani. Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliotengeneza viti vya mianzi. Walikuwa wakipata mianzi kwa mkopo wa mfanyabiashara, na kwa sababu hiyo walilazimika kumuuzia yeye viti kwa bei aliyoitaka. Hadithi hiyo husimuliwa sana, lakini naona watu hawasikilizi kilicho muhimu ndani yake. Wanawake wale walishajua kazi yao barabara, walichokosa ni uhuru wa kuchagua mnunuzi.

Watarizi wengi wako palepale. Mtu wa kati anamletea mama kitambaa na nyuzi, anamwambia alete kazi ikiisha, na anamlipa ujira wa vipande. Shuka likifika kwa mnunuzi wa mwisho, bei yake haina uhusiano wowote na alichopewa aliyelitarizi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 260 walifanya kazi za kipato wakiwa majumbani mwao, na wanawake walikuwa milioni 147. Shirika hilo lilipitisha Mkataba namba 177 kuhusu kazi za ujira zinazofanyiwa nyumbani tangu 1996, lakini nchi zilizouridhia bado ni chache. Kwa hiyo mkopo wa kununulia kitambaa na uzi, hata ukiwa mdogo, unaweza kumtoa mama kwenye ujira na kumfanya mwenye mali. Kwangu hiyo ndiyo sababu kuu ya kukopesha watarizi.

Kiasi nakipimaje? Kwa kitambaa chenyewe. Siombi mpango wa biashara wenye kurasa kumi. Naomba nionyeshwe kazi moja iliyokamilika, halafu naigeuza nyuma. Upande wa nyuma unasema mengi. Mtarizi anayevuta uzi mrefu kutoka ua hadi ua anapoteza uzi, na kazi yake itanasa na kukatika baada ya kufuliwa mara chache. Nyuma ikiwa safi, najua nazungumza na fundi. Kisha tunahesabu pamoja: dazi ngapi za uzi, yaani vile vishada vidogo vya kutarizia, kwa kila rangi, mita ngapi za kitambaa, nauli, sabuni, moto wa pasi. Tunazidisha kwa idadi ya kazi anazoweza kumaliza kabla ya fedha ya kwanza kurudi. Jumla hiyo ndiyo mkopo. Ukizidi hapo utaliwa na mahitaji ya nyumbani, ukipungua utamuumiza zaidi ya kutokopa.

Hilo la kupungua nitalieleza, maana wakopeshaji wengi hudhani mkopo mdogo zaidi ni salama zaidi. Bibi mmoja alinitandikia kitambaa cha meza alichokatwa bei. "Tazama hili jani, mwanangu," akaniambia, na kuliweka karibu na dirisha. Nusu ya jani ilikuwa kijani kibichi na nusu nyingine ilielekea manjano kidogo, kiasi kwamba usingeona mpaka uambiwe. Namba ya rangi kwenye karatasi za dazi zote ilikuwa ileile. Ila alinunua uzi kwa awamu mbili, kadiri hela ilivyopatikana, na zile dazi zilitoka mikupuo tofauti ya kiwanda. Rangi hutiwa kwa mikupuo, na mkupuo mmoja haufanani kabisa na mwingine. Ndiyo maana uzi wa kazi nzima hununuliwa siku moja. Anayepewa nusu ya mtaji anasukumwa kununua nusunusu, na hasara inamfuata hadi kwa mteja. Kuna pia wanaobana matumizi kwa kuchukua uzi rahisi, ukaja kuchuja: fua moja tu, na wekundu wa waridi umesambaa kwenye shuka jeupe.

Kuhusu muda wa kuanza kulipa, tuna ushahidi. Wachumi Erica Field, Rohini Pande na wenzao walifanya utafiti Kolkata, India, wakauchapisha mwaka 2013. Wakopaji fulani walianza kulipa baada ya wiki mbili kama kawaida, wengine wakapewa miezi miwili ya neema. Waliopewa miezi miwili waliwekeza zaidi kwenye biashara, na faida yao ilikuwa kubwa zaidi hata miaka karibu mitatu baadaye. Lakini walioshindwa kulipa nao waliongezeka, na mkopeshaji lazima akubali hilo kwa macho makavu. Mimi natoa kipindi cha neema kinacholingana na kazi ya kwanza, mradi kuna oda ya kweli, na mimi mwenyewe nampigia simu mteja aliyeagiza. Baada ya hapo marejesho yanafuata mauzo: kazi ikiuzwa, sehemu inakuja kwetu.

Riba nayo inahitaji macho. Tuseme mkopo ni 1,200 kwa fedha yoyote, kwa miezi 12, riba asilimia 20 isiyoshuka. Riba ni 240, kila mwezi mama analipa 120. Inasikika nyepesi. Lakini baada ya miezi sita ameshapunguza nusu ya deni, na bado anatozwa riba kana kwamba anashikilia 1,200 zote. Ukikokotoa juu ya salio linalobaki, gharama halisi ni karibu asilimia 35 kwa mwaka, kabla ya ada ya fomu na bima. Muulize mkopeshaji swali moja tu: riba inahesabiwa juu ya salio, au juu ya mkopo wa awali? Asiyetaka kulijibu waziwazi mkimbie.

Juu ya umri, nina msimamo mkali. Taasisi nyingi huweka ukomo, mara nyingi miaka 60 au 65, kwa sababu bima ya mkopo haitaki zaidi. Mkopo wa miezi sita kwa mwanamke wa miaka 67 mwenye oda mkononi ni salama kuliko mikopo mingi ya vijana niliyoipitisha. Anachohitaji ni muda mfupi na maandishi yanayosema wazi kuwa akifariki deni linafutwa, lisiangukie watoto. Namhoji pia akiwa peke yake, kwa sababu wako wazee wanaokopeshwa kwa majina yao na fedha ikaenda kwa kijana wa nyumbani, mzee akabaki na marejesho.

Kisha macho. Kuanzia miaka ya 40 karibu kila mtu huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu, na sindano haisamehi. Utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa 2024 uliwapa miwani ya kusomea watu wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi za kuona karibu. Baada ya miezi minane kipato chao kilikuwa juu kwa takriban theluthi moja kuliko cha wenzao ambao hawakupewa. Kwa hiyo miwani naiingiza kwenye hesabu ya mkopo kama uzi na kitambaa, na taa nzuri pia. Mashine ya kutarizi siingizi kwa urahisi. Deni lake ni la miaka, mafundi wake ni adimu, na inamtoa mama kwenye kazi ya mkono anayoijua na kumpeleka kushindana na viwanda.

Simwahidi mtu utajiri. Tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Moroko na Mongolia, hazikuona mikopo midogo ikibadilisha sana kipato cha familia kwa wastani. Iliwapa watu nafasi zaidi ya kuchagua kazi na kupanga biashara. Kwa mtarizi, nafasi hiyo ni kukataa bei mbovu na kusubiri mteja bora.

Ndiyo maana kabla ya kusaini chochote huwa nauliza kama wateja wake wako tayari kutoa arubuni ya nusu bei. Wakikubali, na nusu hiyo ikatosha kitambaa na nyuzi zote, namwambia asikope. Tunaandika pamoja karatasi fupi ya makubaliano ya oda, mteja anasaini, na fomu yetu inarudi kwenye faili ikiwa tupu.