Smart Money ya 1931: yanayosemwa na yaliyomo

Zikitajwa filamu za kale za majambazi, Smart Money hutiwa kapu moja na Little Caesar na The Public Enemy. Zote tatu ni za mwaka 1931, zote za Warner Bros., na waigizaji wakuu ni walewale. Ndiyo maana wengi huisimulia bila kuitazama, na wanachosimulia mara nyingi hakimo.

"Ni filamu ya bunduki na damu." Anayeitafuta kwa ajili hiyo atasubiri sana. Edward G. Robinson ni Nick Venizelos, kinyozi Mgiriki wa mji mdogo uitwao Irontown, mwenye kuchezesha kamari nyuma ya duka lake la kunyolea. Marafiki wanaamini ana mkono wa bahati. Wanachanga mpaka zinatimia dola 10,000, wanamkabidhi, apande treni aende jiji kubwa akakabiliane na mcheza karata mashuhuri, Hickory Short. Nick anafika, anaoneshwa meza, anacheza, anafilisika. Halafu ndipo anasoma gazetini kwamba Hickory Short halisi alikuwa kifungoni muda wote huo. Yule aliyekaa naye mezani ni tapeli tu. Kinyozi wa watu kaingizwa mjini, na pesa za wenzake zimekwenda na maji.

Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapopata uzito wake. Aliyepoteza hakuangushwa na bahati mbaya: meza ilikuwa imepangwa kabla hajavuta kiti. Baadaye Nick anarudi, analipiza kisasi, na anapanda mpaka kuwa bwana mkubwa wa kamari jijini. Kinachompandisha ni ujanja wa meza, si risasi. Na kifo kinachogeuza hadithi nzima kinaletwa na ngumi moja.

"Steringi lazima afe mwishoni, maana ni jambazi." Katika Little Caesar, Rico anapigwa risasi na polisi. Katika The Public Enemy, Tom Powers anarudishwa kwao maiti. Watu huchukua miisho hiyo wakambandika Nick, kumbe yake ni nyingine kabisa. Mwendesha mashtaka wa jiji ameshindwa kumnasa, basi anamtumia Irene Graham, mwanamke ambaye Nick amemhifadhi nyumbani kwake na ambaye naye ana kesi yake. Anatakiwa apenyeze gazeti la mbio za farasi kwenye koti la Nick, liwe ushahidi. Jack, msaidizi na rafiki wa Nick, anaugundua mtego huo. Nick hataki kusikia baya lolote juu ya Irene, anamtandika Jack ngumi. Jack anaanguka, anakufa. Nick anafungwa miaka 10 kwa kuua bila kukusudia, na hata akiwa njiani kwenda jela bado anaweka dau kwamba atatoka mapema.

Kwa hiyo na lile la kwamba filamu hizi ziliwatukuza polisi halisimami. Hapa serikali nayo inacheza karata zilizotiwa alama, na inashinda.

"Filamu za enzi hizo zilikuwa na adabu." Kanuni za maadili za Hollywood zilipitishwa mwaka 1930, lakini kwa miaka minne hivi hazikuwa na meno. Zilikazwa kuanzia 1934, Joseph Breen aliposhika usukani wa ukaguzi. Smart Money iliwahi kabla ya hapo: mhalifu anapendeza, mwanasheria wa serikali anachukiza. Na adabu gani hasa? Nick ana mazoea ya kumpapasa kichwa mfanyakazi mweusi ili apate bahati, na watazamaji wa wakati ule walitarajiwa kucheka. Leo mtu unaitazama sehemu hiyo umekunja uso.

"Kamari ya Hollywood maana yake Las Vegas." Nevada iliruhusu kamari Machi 1931, miezi michache tu kabla filamu hii haijaingia kwenye majumba ya sinema. Las Vegas ya wakati huo ilikuwa mji wa watu 5,000 na kidogo. Kamari ya Nick ni ile ya milango iliyofungwa, ya kuogopa hodi ya polisi. Bila marufuku ya kamari jijini kwake, gazeti la mbio za farasi mfukoni lisingekuwa kosa la kumtia mtu pingu.

"Robinson na Cagney walicheza pamoja mara nyingi." Mara moja tu, na ndiyo hii. James Cagney ndiye Jack, na wengi hushangaa kumwona pembeni namna ile. Sababu ni ratiba: alipopewa nafasi hiyo alikuwa bado anapiga The Public Enemy, filamu iliyomfanya nyota. Studio ilikuwa haijajua ina nini mkononi.

Robinson mwenyewe hakuwa Mgiriki wala Mwitaliano kama wahusika wake. Alizaliwa Bucharest, Romania, mwaka 1893, katika familia ya Kiyahudi, kwa jina la Emanuel Goldenberg, akaletwa New York akiwa mtoto. Husimuliwa kwamba akifyatua bunduki macho yalimfumba kwa mshtuko. Fedha zake alizimwaga kwenye michoro ya wasanii wakubwa wa Ulaya. Mwaka 1957, baada ya ndoa kuvunjika, ilimbidi auze sehemu kubwa ya hazina hiyo, na mnunuzi alikuwa Stavros Niarchos, tajiri wa meli wa Ugiriki.

Boris Karloff naye yumo, kwa dakika chache, kabla filamu ya kutisha ya Frankenstein haijamfanya maarufu mwishoni mwa mwaka uleule. Ama wanaosema filamu hii ilitwaa Oscar, iliteuliwa tu, kwa hadithi iliyoandikwa na Lucien Hubbard na Joseph Jackson. The Public Enemy iliteuliwa katika kundi hilohilo. Zote mbili ziliangushwa na The Dawn Patrol, filamu ya marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia.